Ndoo ya Mchanga

Mtunza maabara hana imani na rula. Huiita fimbo ya wavivu, kisha hutumbukiza kitu kwenye silinda ya maji na kuchuchumaa mpaka jicho lilingane na maji, magoti yakilia kuliko wanafunzi. Siku ya mtihani, mama mmoja aliyekuwa akirudia mara ya tatu, na ya mwisho, alipima ujazo wa kipande cha mbao kwa rula, akapima jiwe kwa maji, vyote safi. Kwa furaha akatumbukiza majini hata bonge la chumvi, kitu cha mwisho cha kupimwa. Likayeyuka. Msimamizi, msomi mwenye shahada tatu, alikuwa dirishani akipiga miayo. Mtunza maabara akaja na bonge jingine, pamoja na ndoo ya mchanga wa kuzimia moto.

“Unampikia nani supu, mama?” akanong’ona. “Hii naiacha hapa. Naona panaungua.”

Akaenda zake akipiga mluzi. Mama akamimina mchanga kwenye silinda kavu, akasoma kipimo, akalizika bonge humo, akasoma tena. Leo ana maabara yake. Rula zimejaa kabatini, ila ndoo ya mchanga iko mezani, na kila achuchumaapo magoti yakalia, husema, “Asante, mzee.”