Nyumba ya Wageni Iliyonyooshwa

Hata leo nikikaribia chuo kile huvuka barabara na kujifanya natazama madirisha ya maduka, na haya nawaeleza ninyi tu kwa kuwa mmekwisha kunicheka kwa mengine.

Kwa miaka tisa nilifundisha historia ya majengo hapa Brussels kwa mikataba ya muda, na siku ya mkasa huu jopo la watu watano lilikuwa liamue kama nipewe nafasi ya kudumu au niage. Mada yangu ilikuwa nyumba moja ya wageni ya kale, mashambani Uingereza, yenye lango pana la magari ya farasi na mihimili ya mwaloni, na hoja yangu nzima ilikuwa kuinama kwake: mwaloni ulitumiwa ungali mbichi, ukakauka ukapinda, ghorofa ya juu ikainamia barabara, na mpaka sasa haijaanguka. Kielelezo chake cha mbao nilikitengeneza kwa miezi minne, kikainama vilevile.

Kosa lilianza dogo. Mafundi wa rangi walikuja kwangu, mtaa wa Laeken, nikakiacha kielelezo kwa Maman Furaha, jirani wa ghorofa ya chini, mwenyeji wa Kivu anayehudumia wazee. Aliponiuliza ni kitu gani nilijibu, “Vitu vya kazi tu,” kwa kuwa nilikuwa na haraka (na, tuseme ukweli, nilidhani hangeelewa).

Asubuhi ya usaili alinikabidhi kikiwa kimefungwa kwa kitenge. “Usifungue mu njia, maman, vumbi itaingia.” Nikakimbilia tramu.

Mbele ya jopo nikasema, “Tazameni jinsi jengo hili lilivyoinama,” nikavuta kitenge kwa madaha, na pale mezani ikasimama nyumba iliyonyooka kama benki mpya.

Mtu mwenye akili angekiri. Mimi nikatoa gololi niliyoileta kuonyesha mteremko wa sakafu, nikaiweka ghorofani, ikatulia; nikaipuliza (naam, mbele ya maprofesa), ikatulia; nikaisukuma nyumba kidogo kwa kiganja, mbao zikalia, na kijiti cha mishikaki kikachomoza dirishani.

“Na hicho?” akauliza mwenyekiti, bwana mmoja mwembamba.

“Tegemeo la karne zilizofuata,” nikajibu.

Akakichomoa, akakinusa. “Karne hizo zilikuwa na pilipili.”

Walicheka wote watano, na paa likaangukia karatasi zangu.

Nikiwa bado kwenye ngazi za chuo nikampigia Maman Furaha.

“Balipenda?” akauliza kabla sijasalimu. “Ilikuwa inaanguka, ma chérie! Muntu anaenda mbele ya bakubwa na nyumba ya kupinda? Alors nikainyoosha, siku muzima, na gundi na vijiti vya mishikaki.”

Nilitaka kufoka. Badala yake nikajikuta namweleza kuhusu mwaloni mbichi, lango, miaka tisa, mambo yote, huku wanafunzi wangu wakinipita.

“Bon,” akasema taratibu. “Na juu ya nini haukuniambia? Nilikuuliza.”

Nafasi alipewa mwingine. Nami nimeapa: mtu akiniuliza kazi yangu ni nini, hata kama ni kwenye ngazi na mikono imejaa mifuko, naweka mifuko chini, namweleza.