Raba za Chini ya Gari

Harufu ya rangi ya viatu, popote nilipohamia, hunirudisha uani kwetu Kalemie. Fundi alikuwa amemaliza kubadilisha raba za chini ya gari, zile zinazoshikilia magurudumu yasilegee njiani, kwa kuwa kesho yake papa, baba yangu, alikuwa anasafiri kwenda Moba. Mama, aliyemshuku fundi tangu asubuhi, alisugua raba moja kwa kitenge. Kikawa cheusi.

“Fundi, umeturudishia za zamani, umezipaka rangi ya viatu!”

“Mama, si mimi. Papa njo alizipaka.”

Papa alicheka peke yake. “Kufika Moba zitafika, mama watoto.”

Mama alinipakata, akaketi kiti cha mbele cha gari. “Basi tunaenda wote, na mutoto.”

Papa alinitazama pale mapajani mwa mama.

“Fundi,” akasema, “inua tena gari. Zitoe.”