Bi Penalti na Jezi za Machungwa

Mtaani kwao, ukiuliza nyumba ya dobi utaelekezwa kwa kidevu tu. Ukiuliza kwa Bi Penalti utasindikizwa hadi mlangoni, na njiani utasimuliwa jina hilo lilikotoka. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mikono imekakamaa kwa sabuni, na hakuweza kuona kosa likapita bila adhabu. Mteja akiruka foleni: "Penalti!" Jirani akimwaga maji machafu njiani: "Penalti!" Hata siku shemeji yake alipoanguka na kiti harusini, wenzake wakimkimbilia kumwinua, yeye alikwishanyoosha kidole: "Kasukumwa yule! Mmeona wenyewe!"

Ugonjwa wake ulikuwa mpira wa miguu. Mji wao ulikuwa na timu mbili, moja ya jezi za zambarau na nyingine za rangi ya machungwa. Majina yao ya kwenye makaratasi watu walikwishayasahau; wakasema Zambarau na Machungwa basi, na zikikutana wakasema leo kuna mechi ya matunda. Bi Penalti alikuwa Zambarau. Si kwamba aliipenda Zambarau. Kupenda ni maneno ya wapita njia. Alikuwa Zambarau kama mtu alivyo mrefu au mfupi, hakuna wa kumlaumu.

Ulimwanza akiwa msichana. Mjomba wake alikuwa na tiketi mbili, mwanawe akashikwa na homa. Mjomba akatazama huku na huku, macho yakamwangukia mpwa wake anayechambua mchele. "Haya, njoo wewe, isije ikapotea bure." Nyumbani kwao msichana alifundishwa kucheka kwa kufunika mdomo, na akitaka kumwita mtu amfuate alipo. Kule jukwaani akaona watu wazima na heshima zao wakipayuka mpaka mishipa ya shingo inasimama, na hakuna aliyewauliza wana nini. Mara bao likaingia. Sauti ikamtoka tumboni, kubwa, nene, ambayo hakujua kama anayo. Mjomba akageuka kwa hofu. "We mtoto, umemeza spika?"

Tangu siku hiyo akawa hatibiki. Akiulizwa na wanawake wenzake anapata faida gani, hujibu: "Wiki nzima mtu unabana. Unabana pumzi, unabana hasira, unabana mdomo mteja anapokuletea shati lenye mchuzi halafu anakuuliza kwa nini halijawa jipya. Jumamosi naachia. Nyinyi mnaachilia wapi? Kwa waume zenu?"

Mume wake mwenyewe alikuwa fundi saa, mtu wa kimya, asiyejua kona wala golikiki. Walipooana alijaribu mara moja tu. "Hivi ukiambiwa uchague, mimi au Zambarau?" Mkewe akafikiri kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mke. "Zambarau ni dakika tisini tu, mume wangu. Zinazobaki zote ni zako. Si wewe fundi saa? Piga hesabu." Fundi saa akacheka mpaka miwani ikamtoka, na hakuuliza tena.

Kazini Bi Penalti alisaidiwa na wifi yake, dada wa fundi saa, mama mnyoofu kama mstari wa suruali anayoipiga pasi. Wifi mpira aliuona upuuzi. "Watu wazima wote wale na mpira mmoja," alikuwa akisema. "Kama wanautaka kiasi hicho, si kila mtu anunue wake?"

Basi Jumatano moja, mawifi wawili wakiwa wanakunja mashuka, akaingia mwanamume mwembamba amebeba furushi lililomzidi. Akalitua chini, fundo likafunguka lenyewe, chumba kizima kikawaka rangi ya machungwa.

"Mama zangu, mimi ndiye mtunza vifaa wa timu," akasema huku akijifuta jasho. "Mashine yetu ya kufulia imeungua. Jumamosi tuna mechi ya matunda, na wachezaji hawawezi kuingia uwanjani wananuka. Nimeambiwa hapa ndipo."

Bi Penalti alirudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. "Nani kakwambia ni hapa? Nifue machungwa mimi? Hayo yanamenywa, baba, hayafuliwi!"

"Karibu sana, kaka," wifi akadakia upesi, akimkanyaga mwenzake mguu. "Njoo Ijumaa mchana, utazikuta tayari."

Mtunza vifaa alipoondoka, Bi Penalti alilizunguka furushi lile kama paka anayezunguka samaki wa jirani. Akainua jezi namba tisa kwa ncha za vidole viwili. Ya mshambuliaji wao, yule aliyewalaza Zambarau na viatu msimu uliopita.

"Wifi," akasema taratibu, "nguo hizi ukizigusa na pasi ya moto sana, si zinayeyuka?"

"Hutathubutu."

"Nauliza tu. Mtu anajifunza mpaka siku ya kufa."

"Pasi nitaishika mimi mwenyewe. Na maji ya moto nitayachemsha mimi."

Wala hakukuwa na haja ya kumlinda. Alipoingiza tu mikono kwenye beseni, mikono ikamsaliti. Ilikuwa haijawahi kuharibu nguo ya mtu. Moyo unasema waharibie, mikono inasugua madoa ya nyasi moja baada ya jingine, inasuuza, inakamua. Jioni kamba zote za uani zilikuwa zimejaa jezi zinazong'aa, na majirani Zambarau wanapita wakimtazama kama msaliti. "Msinikodolee macho," akawafokea. "Nimeyakamua mwenyewe kwa mikono yangu. Mna nani mwingine aliyewahi kuyakamua?"

Ikabaki alama. Kila mteja wa pale alikuwa na uzi wake, mshono mdogo kwenye pindo kwa ndani, ili nguo zisichanganyike. Mwalimu alikuwa na mweusi, mama wa duka la dawa mwekundu. Bi Penalti akavuta kopo la nyuzi, akapekua, akatoa uzi wa zambarau.

"Weka mweupe," wifi akasema.

"Mweupe umeisha."

"Asubuhi niliuona mzima."

"Umeisha, wifi. Kwani nikudanganye ili iweje?" Akajiweka sawa kwenye kiti, maana lile kasha la uzi mweupe alilolikalia lilikuwa linamchoma.

Akashona jezi zote, za wachezaji na za akiba, akicheka peke yake puani. Watakimbia uwanja mzima wakijiona Machungwa, kumbe ndani ni Zambarau! Siri hiyo ingemtosha kuishi nayo mwaka.

Lakini siri ya kuchekesha ni kama kikohozi. Jumamosi, kabla hata kipyenga hakijapulizwa, alimwinamia muuza viatu anayekaa naye siku zote jukwaani, akamnong'oneza. Muuza viatu akaangua kicheko, akamwambia wa mbele yake. Wa mbele akamwambia wa mbele. Siri ikashuka ngazi za jukwaa kama maji, na ilipofika chini ilikuwa imekuwa wimbo. Wanapiga makofi, wanapiga mabati:

"Nje machungwa, ndani zambarau! Nje machungwa, ndani zambarau!"

Wachezaji wa Machungwa wakawa wanatazamana. Namba tisa, katikati ya mechi, akasimama, akapindua pindo la jezi yake kuchungulia. Jukwaa zima likalipuka kwa kicheko. Bi Penalti alikuwa amesimama juu ya benchi, machozi yanamtoka kwa raha.

Halafu namba tisa akafunga bao. Kabla watu hawajamaliza kukohoa, akafunga la pili. Na kila akifunga, anakimbia mbele ya jukwaa la Zambarau, anashika lile pindo, analibusu.

Wimbo ukafa. Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kuelekea benchi la juu.

"Nani kawashonea bahati yetu?" akauliza mtu.

Bi Penalti alishuka benchi polepole, akajitanda khanga mpaka puani, akatoka kwa mlango wa vyooni.

Jumatatu hakukaa mbele ya duka. Alikuwa uani nyuma ya mashuka aliposikia sauti ya mtunza vifaa, na nyingine nzito. Akachungulia kati ya shuka na shuka. Namba tisa! Amejaa mlango mzima.

"Shikamoo, mama," namba tisa akasema, akilifunua shuka kama pazia.

"Marahaba. Ile ilikuwa alama ya dobi tu, mwanangu. Kila mteja ana yake, muulize hata mwalimu."

"Tunajua, mama. Tumekuja kukuomba kitu. Vijana wamesema hawafuliwi tena na mashine. Na hawavai jezi isiyokuwa na uzi ule."

Bi Penalti akageukia kamba kama anayeanua nguo. "Uzi ule umeisha," akasema.

"Upo, wifi," ikaja sauti tamu kutoka ndani. Wifi akatokea na kasha la uzi wa zambarau, jipya, limejaa. "Jana tu nimenunua mwingine. Namba tisa, mwanangu, karibu kiti. Ile kola yako nimeipiga pasi mara mbili, uliona?"

Hivyo ndivyo Bi Penalti alivyokuwa dobi wa maadui zake. Kila wiki anawafulia, kila wiki wanashinda. Jukwaani walimsamehe nusu. Msimu ulipozunguka na mechi ya matunda ikakaribia tena, muuza viatu alimjia na kifuko kidogo, amekishika mbali na mwili.

"Upupu," akasema. "Unyunyizie kidogo tu kwenye bukta. Wakianza kujikuna, sisi tunafunga."

Bi Penalti alikitazama kifuko kile. Tusiseme uongo, alikitazama sana. Akilini alimwona namba tisa akijikuna mbele ya goli, mpira unampita, akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini baadaye akiwa peke yake na beseni lake, jambo likamsumbua. Zambarau yake ilikuwa imefungwa mbele ya macho yake mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Kama angekuwa anafuata ushindi, si angehama zamani? Alichokuwa akikifuata ni ile roho kusimama mpira unapoelekea golini, kutojua. Ukishatia upupu, unajua. Na mtu akijua, apige kelele za nini?

Alimrudishia muuza viatu kifuko chake. "Kamnyunyizie mkeo akupende. Mimi ni dobi, si mganga."

Akafua, akashona zambarau kama walivyotaka, akapeleka.

Siku ya mechi wifi aliomba ruhusa mapema. Alikuwa anakwenda kumtazama mgonjwa, akasema, mgonjwa wa siku nyingi. Bi Penalti akamwambia amfikishie pole, akaondoka zake uwanjani. Pale langoni kulikuwa na foleni ya wanawake wanaopekuliwa mikoba. Mbele yake alisimama mama mmoja aliyejificha chini ya mwavuli, na jua lenyewe halikuwepo wala mvua. Mwavuli ulikuwa wa rangi ya machungwa. Viatu chini ya mwavuli vilikuwa safi mno, kamba zimefungwa kwa unyoofu.

"Wifi?"

Mwavuli ukatulia.

"Wifi, si ulikwenda kumtazama mgonjwa?"

Mwavuli ukainuka taratibu. Wifi alikuwa amevaa kilemba cha machungwa. "Ndiye huyu," akasema kwa aibu. "Mgonjwa ni mimi. Unapiga pasi jezi za watu wiki hadi wiki, utaacha kujiuliza wamecheza vipi? Nikaanza kusikiliza redioni kidogo. Kidogo tu."

"Penalti!" akapiga ukelele Bi Penalti. "Ndani ya nyumba yangu! Kwenye pasi yangu!"

Wakaachana langoni, huyu jukwaa la huku, yule la kule. Mechi ilikuwa ngumu, watu wakakata kucha kwa meno. Mwishoni kabisa, kijana mmoja wa Zambarau ambaye hata mama yake hakumtegemea akaugusa mpira kwa goti, ukajikokota, ukamtazama kipa, ukaingia. Bi Penalti hakumbuki alivyofika chini ya jukwaa. Anakumbuka tu kwamba alimbusu muuza viatu kwenye kipara, na kwamba muuza viatu alimwomba asimwambie mkewe.

Jumapili nzima aliiandaa Jumatatu. Alitunga maneno, alitunga na wimbo. Fundi saa alimkuta jikoni akifanya mazoezi ya kicheko.

Asubuhi wifi akaja amechelewa, macho mekundu, akashika pasi bila salamu. Akaanza kuinyoosha suruali ya mwalimu, akapitisha pasi palepale, palepale. Bi Penalti alifungua mdomo aanze wimbo. Akamtazama yule mwanamke aliyekuwa akiwauliza watu kwa nini hawanunui mpira kila mtu wake. Uso ule aliujua. Alikuwa ameuona kwenye kioo chake miaka mingi, Jumapili nyingi. Wimbo ukamkwama.

"Pole, wifi," akasema. Na alimaanisha. Lakini roho ya mtu ina mipaka, na yake haikuwa mbali. "Pole sana. Ila bao lilikuwa zuri. Au hukuliona?"

Wifi akaitua pasi kwa kishindo. "Lile si bao! Yule aliotea!"

Bi Penalti akaisogelea meza ya pasi. Miaka yote ile ndani ya nyumba hakuwahi kupata mtu wa kubishana naye. Mumewe alikuwa akikubali kila kitu. Akahisi raha inampanda kutoka miguuni.

"Aliotea? Wewe unajua kuotea?"

"Lete vibanio nikuonyeshe!"

Wakamwaga kopo la vibanio juu ya meza ya pasi. Kibanio chekundu kikawa kipa, cha bluu beki, cha mbao yule mfungaji, kipande cha sabuni kikawa mpira. Wifi anasogeza, Bi Penalti anarudisha, wote wanapayuka, na mwalimu aliyefuata suruali yake amesimama mlangoni hajui aingie au akimbie.

"Mwalimu!" wakamwita kwa pamoja, wakimvuta mikono yote miwili mpaka mezani. "Wewe umesoma. Hiki cha mbao hapa, kimeotea au hakijaotea?"