Zulia la Damu ya Mzee

Mpaka leo nikiona zulia la rangi ya damu ya mzee, mate yananijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika. Watu hudhani ni maringo. Mimi ni fundi wa kushona, nimeshika vitambaa vya kila rangi tangu nilipomaliza shule, na hakuna rangi iliyowahi kunikosea isipokuwa hiyo. Nayo haikuja yenyewe. Ililetwa na mume wangu, imekunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani, nyuma ya pikapu aliyoazima kazini.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kwisha, na tulikuwa tumemaliza kujenga nyumba nje kidogo ya mji wa Machakos, upande wa kwenda Kalama. Mume wangu alifanya kazi kiwandani Athi River. Siku za kazi alikaa huko katika chumba cha kupanga, Jumamosi anakuja nyumbani. Mimi nilikuwa na cherehani yangu sokoni. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala, na kimoja chenye madirisha mawili fundi wa ujenzi alikiita masta bedrum. Neno hilo lilinipendeza kupita kiasi. Nililelewa katika nyumba ambayo ukishuka kitandani unakanyaga vumbi, tena ukishuka unakanyaga na dada zako watatu. Nikamwambia mume wangu kwamba sitaki mengi. Nataka chumba kimoja ambacho nimechagua kila kitu mwenyewe, kuanzia chini mpaka juu.

"Hiyo chumba ni yako, Mama," akasema. "Chagua vile unataka."

Nilikwisha kuchagua. Kulikuwa na duka moja mjini lililotundika zulia la kijani mlangoni, kijani kile kizito cha majani ya mchungwa. Kila siku ya soko nilipita nikaligusa. Nilikuwa nimeona kichwani mapazia ya rangi ya maziwa yenye ukanda wa kijani, na kifuniko cha kitanda cha rangi hiyohiyo ya maziwa, kisicho na maua. Sipendi maua kitandani. Mwenye duka alishanizoea, akawa hata hanisalimii, ananiacha nishike.

Sasa lazima nieleze macho ya mume wangu. Kwake rangi ni tatu tu: nyeusi, nyeupe na ndune, na ndune ni neno letu la Kikamba la chochote chenye wekundu. Nyanya ni ndune, ng'ombe wa kahawia ni ndune, udongo wa barabarani ni ndune, hata gauni langu la harusi ya dada yangu, ambalo lilikuwa la waridi, alilisifu kwamba ni ndune nzuri. Nilikuwa nikicheka. Nilidhani ni kasoro ndogo ya mtu mwema.

Mwaka mmoja kabla ya nyumba kwisha, alinijia na kazi. Mke wa mwenzake wa kiwandani alitaka mapazia ya chumba cha kulala, madirisha mawili, yapatane na zulia lake. Vipimo alikuwa ameviandika kwenye karatasi ya mkate.

"Kapeti yake ni rangi gani?" nikamwuliza.

"Ni ndune."

"Ndune gani?"

"Ndune ni ndune, Mama. Kwani ziko ngapi?"

Nikamwambia sishoni kwa kubahatisha, aniletee kionjo. Jumamosi iliyofuata akaja na kiberiti kitupu, na ndani yake kishungi cha nyuzi kilichokatwa kwa wembe kutoka pembeni mwa zulia lenyewe. Nilikitoa nje kwenye jua. Wateja wangu wangekiita maruni, lakini mwalimu aliyenifundisha kushona alikuwa mama wa Pwani, na alituchapa rula tukisema maruni. Ile ni damu ya mzee, alisema, nyekundu iliyokomaa mpaka ikakaribia weusi.

Nilizunguka Machakos nzima nikitafuta kitambaa kinachopatana na kishungi kile. Nilipokipata nikakishona kwa moyo wote, marinda ya kubana, pindo la rangi ya maziwa chini, mshono mara mbili ili usifumuke. Kishungi nikakibana kwa pini kwenye daftari langu la vionjo, nikaandika pembeni: mke wa mwenzake wa kazini, Athi River, madirisha mawili. Mume wangu aliporudi alisema yule mama amefurahi sana.

"Amesema uko na mkono mzuri."

"Na yeye anajua rangi," nikajibu. "Mwambie nimesema."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilimpa maji, nikidhani ni vumbi la kiwandani.

Basi nyumba ikaisha, na mimi nikiwa bado nashikashika zulia langu la kijani dukani, pikapu ikaingia. Mume wangu akaruka chini kama mtu aliyeleta ng'ombe wa mahari. Akalifungua zulia pale pale uani. Damu ya mzee.

"Imetoka duka, Nairobi. Mpya kabisa," akasema.

"Na ile yangu ya kijani?"

"Kapeti si kapeti? Wewe ni fundi. Mechisha."

Nilikasirika, sikatai. Lakini niliona ni kasirani ya kawaida, ya mwanamke aliyeolewa na mtu asiyeona rangi, nikaimeza. Wala sikukumbuka kile kishungi. Nimeshona mapazia ya nyumba ngapi mimi? Nikaanza upya. Kijani ikaondoka kichwani. Nikanunua kifuniko cha rangi ya maziwa, nikashona foronya zenye ukanda mwembamba wa damu ya mzee, nikamfanya fundi wa rangi apake kuta upya kwa sababu weupe wake ulikuwa mkali, ukifanya zulia lionekane chafu. Wiki tatu nilipigana na rangi ambayo sikuitaka mpaka ikakubali. Yalibaki mapazia tu.

Kisha mvua ikanyesha siku nne, madirisha yamefungwa, na zulia likaanza kutoa harufu. Kwanza nilinusa viatu. Nikanusa godoro. Mwishowe nikapiga magoti nikaweka pua pale chini, nikarudi nyuma haraka. Ilikuwa harufu tamu ya mafuta ya nywele, yale ya kupaka mtu akisukwa, na chini yake harufu ya maziwa yaliyomwagika zamani. Zulia jipya la dukani haliwezi kuwa na maziwa.

Mvua ilipoacha nililivuta nje, nikachukua karai, sabuni na burashi. Povu lilitoka la kahawia, kama maji ya kuoshea miguu. Burashi ikavuta uzi mrefu, nikauzungusha kidoleni, kumbe ni nywele za kusuka, zile za dukani, nami maisha yangu yote nimenyoa au nimefunga kitambaa. Nikaendelea kusugua, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa nimeanza. Pale kwenye nyuzi za ukingo kikachomoka kipande cha ukucha wa mguu, kigumu, cha manjano, bado kina rangi ya kucha upande mmoja. Kilininata kwenye kidole gumba. Na nilipokuwa nakikung'uta ndipo nikaona kwenye pembe palikuwa na kipara kidogo, pamekatwa nyuzi kwa wembe.

Nilinawa mikono kwanza. Nikaingia ndani, nikafungua daftari, nikachomoa pini. Kishungi kilikaa kwenye kile kipara kama jino kwenye fizi.

Sikulia. Watu hutaka kusikia kwamba nililia. Nilitapika ndani ya karai, juu ya povu, nikakaa pale kwenye majani nikijifuta mdomo na kufikiri jinsi nilivyozunguka mji mzima nikimtafutia yule mwanamke rangi inayopatana. Chumba chake nilikipamba mimi. Nilikipigia mshono mara mbili ili usifumuke.

Jumatano nilikwenda dukani nikanunua zulia la kijani. Mwenye duka safari hiyo alinisalimia.

Jumamosi mume wangu akaja na furushi la magazeti chini ya kwapa, anatabasamu.

"Nimekuletea pazia za kumechi na kapeti," akasema. "Bibi ya yule mwenzangu alihama. Aliziacha."

Nikalifungua. Nikageuza pindo nikaona mkono wangu mwenyewe. Na yalikuwa na ile harufu tamu. Ukweli ni kwamba pale hakunichukiza kwa uongo wake kama alivyonichukiza kwa ile furaha. Alikuwa ameachwa na yule mwanamke, na akaona ni vibaya vitu vizuri kupotea, akaniletea mimi.

"Alihama kwenda wapi?"

"Kwao, Katangi."

"Na mwenzako?"

"Alibaki."

"Peke yake?"

Akatazama chini. "Peke yake," akasema kwa huzuni ya kweli. Mbele yangu.

"Umpe pole," nikamwambia. "Sasa nenda hapo kibandani ukanywe chai. Nikimaliza nitakuita."

Nilifanya kazi ile vizuri kuliko kazi yoyote maishani mwangu. Nilitandika zulia la damu ya mzee, lile lile, pembe yenye kipara ikiangalia mlango. Nilitundika mapazia, nikayanyoosha marinda kwa vidole moja moja. Nilitandika kifuniko cha rangi ya maziwa, nikaweka mto mmoja katikati ya kitanda. Daftari nikaliweka juu ya mto, wazi kwenye ukurasa wake, kishungi kimerudi kwenye pini yake. Cherehani niliyoirudisha kutoka sokoni, godoro dogo na nguo zangu zilikuwa tayari chumba cha nyuma, juu ya zulia langu la kijani.

Nikamwita. Akasimama mlangoni, akaangalia chini, akaangalia madirishani.

"Asi! Imemechi kabisa!" akasema.

Kisha akaona daftari. Akalisogelea, akasoma ule mstari mmoja nilioandika, na alichukua muda mrefu sana kuumaliza. Alipoinua uso hakuniangalia mimi, aliangalia mto.

"Na wewe utalala wapi, Mama?"

"Mimi ni fundi tu, Baba," nikamwambia. "Fundi akimaliza kazi, anaenda kwake."