Jiwe la Kwenye Rundo

Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta mlima. Miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, Mzungu mmoja alikuwa akichimba korongoni karibu na Iringa, akitoa mashoka ya mawe ya watu wa kale. Alitaka kujua jiwe lao, lile gumu la kijivu, walilitoa wapi. Akatutuma wawili tumletee mawe ya milimani, ayasage yawe membamba, ayachungulie kwa hadubini na kuyalinganisha na mashoka.

Mimi nilipewa upande wa Mbeya, kwa kuwa kwetu ni Iyunga. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akapewa upande wa Idodi, hukohuko Iringa. Yeye hakujua kusoma. Mimi nilikuwa na daftari, na kichwa kilikuwa kimenivimba kwa daftari hilo.

Nilifika nyumbani nikakuta harusi ya binamu. Nikacheza ngoma siku nne, mjinga mimi! Siku ya kurudi ikafika sijapanda hata kilima kimoja. Juu kabisa ya njia yetu ya miguu palikuwa na rundo la mawe: kila msafiri huongeza lake ili safari iwe njema, na wapo wanaotoka nalo kwao kabisa, hata huko Iringa. Nilijua hilo tangu utotoni. Nikatupa langu, nikachagua matano mazuri, nikaandika daftarini majina ya milima mitano nisiyoikanyaga.

Jiwe langu moja likaonekana sawasawa na mashoka. Bwana akanishika mkono kwa furaha. Wiki iliyofuata shemeji akarudi, nyayo zimepasuka, na jiwe lilelile. Alisema kule mlima mzima ni jiwe hilo, na chini yake vipande vilivyochongwa vimejaa tele. Bwana akasema jiwe moja haliwezi kutoka milima miwili iliyo mbali hivyo. Mmoja wetu ni mwongo, amemega jiwe la mwenzake. Kisha akafungua daftari langu.

Shemeji akanigeukia. "Shemeji, wewe sema tu ulikoliokota."

"Mlimani," nikasema. "Si nimeandika?"

Alimsihi Bwana waende wote akamwonyeshe. Wapi! Alifukuzwa mbele ya wachimbaji wote, akaitwa mwizi, akashuka kwa miguu mpaka Ipogolo huku watu wakimzomea. Bwana akaenda kulitafuta jiwe hilo kwenye mlima niliouandika huko Mbeya, akatafuta mpaka akachoka, akarudi kwao Ulaya mikono mitupu. Hata wakati huo ningeweza kusema. Sikusema. Niliogopa, na kadiri siku zilivyopita ndivyo mdomo ulivyozidi kuwa mzito. Sina cha kujitetea.

Shemeji hakukanyaga tena nyumbani kwangu mpaka alipofariki. Tulipotoka kumzika, mke wangu alikaa kitandani, kanga ya msiba bado kichwani, akaniambia, "Baba watoto, unisamehe kwa uongo wa kaka yangu. Ulimvumilia sana."

Nikamwambia yameshakwisha.