Alama ya Soli Sebuleni

Sijamsamehe, na mtu asinihubirie. Shemeji yangu, mume wa dada, ni kontrakta. Nilipoanza kumjengea mama nyumba ya matofali ya udongo hapa Kitengela, alikuja kujionea. Murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, niliitoa Isinya, nikaichekecha mwenyewe, nikaichanganya na simiti kidogo, tukaikandamiza kwa mashine ya mkono. Matofali yalikuwa yamelala chini ya nailoni, nayamwagilia maji asubuhi na jioni. Akafunua nailoni, akakanyaga moja likiwa bado bichi. Alama ya soli yote ikabaki pale.

"Mama, ng'ombe akijikuna hapa, umelala nje," akasema huku akicheka.

Na mama akamwamini! Shemeji ni fundi wa nyumba za mawe ya kuchonga, mimi ni nani? Nyumba ikaisha, mama akakataa kuhamia. Misimu miwili ya mvua alikaa chumba cha kukodi kule Tuala, akitega sufuria chini ya mabati yanayovuja, akikohoa. Nilikuwa nikitoka kumwona nalia kwa hasira.

Lile tofali sikulitupa. Nililijenga ukutani sebuleni, usawa wa macho ya mtu aliyeketi, na sikulipiga plasta.

Shemeji naye akajenga yake ya mawe, mtaa huu huu. Udongo wetu mweusi huvimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Lazima uchimbe uutoe wote hadi ufike kwa mwamba. Yeye kwa haraka zake akamwaga msingi juu ya udongo huo huo. Nilipita nikaona. Dada nilimhurumia, lakini nilinyamaza, na nilinyamaza kwa raha.

Mvua kubwa ilipokuja, ukuta wake ulipasuka hadi mkono unaingia. Mama kusikia hivyo, akahamia nyumba yake siku hiyo hiyo. Wiki haijaisha, shemeji huyo mlangoni kwa mama na dada, wamelowa chapachapa, wanaomba mahali pa kukaa.

Karibuni sana! Nilimketisha kwenye kiti kinachotazamana na lile tofali, nikamimina chai polepole. Akaliangalia, kisha akaangalia miguu yake.

"Shemeji, si ungepiga plasta hapo?"

Aii, nilikuwa nimelingoja hilo swali! "Nyumba ni ya mama. Muulize yeye."

Mama akakohoa kwanza. "Liache," akasema. "Hata mimi hunisuta, kila asubuhi nikinywa chai."

Hicho kiti ndicho mama anachokalia kila siku. Sikuwa nimefikiria hilo.