Meya Aliyekataa Kunishtaki

Mimi naitwa Mongia, mpika mikate hapa Sidi Mrah, na mtu nitakayesimulia habari zake nilimsema vibaya mbele ya mji mzima. Namshukuru Mungu kwamba nilimsema yeye na si mwingine.

Ni Mokdad Ayari. Sisi tunamwita Si Mokdad, kama tunavyomwita kila mwanamume tunayemheshimu. Kabla hajawa meya wetu alikuwa bwana mifugo. Alipanda milima hii yote na sanduku lake la dawa, akiwachoma sindano kondoo na kuzalisha ng'ombe. Zamani hizo, wakati wa utawala wa kale, siku moja alikuwa amekaa mkahawani, mwenye mkahawa akitundika picha mpya ya Rais kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa imefifia kwa jua. Si Mokdad akaitazama, akasema, "Jamani, hata beberu hubadilishwa kila baada ya miaka michache, kundi lisije likadhoofika."

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mmoja wa waliocheka akaenda kusema. Si Mokdad akafungwa miezi minane, na alipotoka kazi hana. Akaendelea kutibu mifugo kwa miguu, akilipwa mayai na mafuta ya zeituni. Mji mzima ulimjua aliyemchongea. Ng'ombe wa mtu huyo alipokwama kuzaa, Si Mokdad alikwenda, akakunja mikono ya shati, akamtoa ndama. Mke wa Si Mokdad, Bi Naziha, alinuna wiki nzima. Yeye alimjibu tu, "Ng'ombe hakunifunga, Naziha."

Utawala ule ulipoanguka, na miaka ikapita, tukapata nafasi ya kuchagua baraza letu la mji. Tukamchagua yeye. Jambo la kwanza alilofanya ni kufungua milango ya ukumbi. Kila kikao wananchi tulikaa nyuma, na mwenye neno alisimama.

Neno langu lilikuwa jalala. Malori yalimwaga taka nyuma ya mtaa wetu wa Rmila, watoto wakikohoa, moshi ukiingia mpaka kwenye unga wangu. Si Mokdad aliahidi kwamba kabla ya kiangazi jalala litahamishwa. Kiangazi kikaja, kikaondoka, jalala liko palepale. Nikasimama kikaoni.

"Si Mokdad! Kule jela walikufundisha kulala, au? Amka basi, tunanuka!"

Watu wakageuka kunitazama. Jela yake hakuna aliyekuwa akiitaja mbele yake. Yeye akaweka kalamu chini.

"Umemaliza, dada Mongia, au bado?"

"Bado! Inzi wa Rmila wamenenepa kuliko kondoo wako!"

Watu wakaangua kicheko. Akanywa maji, akasema, "Hilo la inzi ni kweli tupu. Kaa, tulizungumze."

Lakini kijana mmoja alikuwa amenirekodi kwa simu, na maneno yangu yakazunguka mji. Kesho yake, niko sokoni na unga mikononi, polisi wawili wakanichukua. Kosa: kumtukana kiongozi wa umma. Nilikaa kwenye benchi la kituo unga ukinikaukia vidoleni, nikiwaza nani atanilelea wajukuu.

Mchana, jua likiwa kali, Si Mokdad akaingia, viatu vyote tope, katoka shambani.

"Nani kalalamika?" akamuuliza mkuu wa kituo.

"Hajalalamika mtu, Si Mokdad. Tunakungoja wewe. Useme tu neno moja, mengine tutamaliza sisi. Ni heshima ya ofisi."

"Ofisi haina masikio. Mwenye masikio ni mimi, na sikuumia."

"Tukimwachia huyu, kesho kila mtu atakutukana."

"Na anitukane. Anayenisifu hahitaji uhuru, bwana mkubwa. Hata zamani tulikuwa huru kusifu. Uhuru ni wa mama huyu."

Mkuu akakuna kichwa, akasema amri imeshatoka, hawezi kuirudisha hivihivi. Basi Si Mokdad akaja akakaa kando yangu pale kwenye benchi, akavua kofia, akaipakata.

"Basi tuko wawili. Mimi nilishasema mabaya kuliko haya yake, mnayajua."

Mkuu akatoka, akaingia, akapiga simu, akatoka tena. Haikuchukua muda, tukaambiwa twende zetu, wote wawili.

Nje nilikung'uta unga vidoleni kwa hasira. Nikamwambia, "Usidhani umeninunua. Jalala bado lipo."

"Ukinyamaza nitakuwa nimepoteza mchana wangu bure," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka.

Kikao kilichofuata alisimama mbele yetu. Alisema aliahidi jambo ambalo hakuwa amelipitisha barazani, na kwamba hilo lilikuwa kosa lake, si la mtu mwingine. Akataja waziwazi kuwa baadhi ya wajumbe wana mashamba karibu na eneo jipya la jalala na hawataki taka huko. Kukawaka moto. Wakapiga kura juu ya kulihamisha jalala, akashindwa. Nusu ya wajumbe wakajiuzulu, baraza likavunjika, ukaitishwa uchaguzi mwingine.

Wanawake wa Rmila wakaniambia, "Mongia, mdomo unao, gombea." Nikagombea dhidi yake. Alinikuta sokoni nikiomba kura, akanunua mikate miwili, akanong'ona, "Usimalizie kila hotuba kwa jalala. Watu wa mlimani shida yao ni maji." Mpinzani wangu ananifundisha kampeni! Nilitaka kumtupia mkate.

Tukamshinda kwa kura chache. Vijana wake, mpwa wake akiwatangulia, wakajazana mlangoni mwa ukumbi wakitaka kuufunga kwa minyororo.

"Mjomba, wametuibia! Tusikubali!"

Si Mokdad akasimama katikati ya mlango. "Kura zilihesabiwa mbele ya macho yako, Sabri. Mbona jana hukusema?" Kijana akashusha mnyororo. "Mkiniheshimu kwa kuwa nimeshinda tu, hamjawahi kuniheshimu. Nyumbani!" Wakaondoka wakiburuta miguu. Yeye akanigeukia, "Karibu, meya," na akanishikia mlango.

Mwezi mzima alikuja kila nilipomwita. Alinionyesha mabomba mabovu yalipo na nani wa kumpigia simu katika mji mkuu. Ushauri wake ninaoukumbuka zaidi ulikuwa juu ya wajumbe: "Anayekupigia makofi sana, mkalishe mbali. Yule mzee Tijani anayepinga kila kitu, mkalishe karibu. Akiwa mgonjwa, ahirisha kikao."

Jalala lilihamishwa. Tulipopanda miche ya mizeituni pale lilipokuwa, nilimwita aje mbele achimbe shimo la kwanza. Alikuwa amesimama nyuma kabisa na Bi Naziha. Akapunga mkono kwamba hapana, mwite Bi Chadlia aliyekuwa akiishi karibu zaidi na ule moshi. Nikamwita.

Baraza letu nalo lilikuja kuvunjwa kwa amri ya serikali, pamoja na mengine yote nchini, nami nikarudi kwenye tanuri langu. Wengine hunipa pole. Mimi nasema nilipata miaka ile, na nikampata mtu wa kunionyesha namna ya kuketi kwenye kile kiti na namna ya kuinuka.

Majuzi alifanyiwa upasuaji wa goti. Nikaenda kumtazama hospitalini, nimejiandaa njia nzima nini nitamwambia, maana tangu siku ya kituo cha polisi sikuwahi kumwambia asante. Nikaanza, "Si Mokdad, leo nataka nikushukuru..."

Akainua mkono. "Mungu ndiye wa kushukuriwa. Kaa hapo. Huyu jirani yangu wa kitanda tangu asubuhi anasema wanawake hawawezi kuongoza mji. Mjibu wewe, mimi nimechoka."

Nikavuta kiti. Bi Naziha akamimina chai, na mimi nikaanza kumjibu.